Mapafu ya Panya wa Glasgow

Glasgow, 14 Aprili 1991

Dada yangu Dorothea,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee mama hapo alipo, kama bado anakaa kwenye kigoda chake mlangoni akiwasema wapita njia. Mimi mzima, ila huu ni mwezi wa nne na bado navaa makoti mawili. Mvua inanyesha kila siku. Mtu wa Mvumi akiona mvua yote hiyo inapotea kwenye lami bila kuotesha hata punje moja ya uwele, moyo unamuuma. Vipi shamba letu, limeshika?

Anitha ameniandikia kwamba tuna mgeni njiani. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka mama mmoja wa Kizungu akavuka upande wa pili. Lakini ameniambia pia kwamba shirika lao linapunguza watu, na yeye yumo katika waliopunguzwa. Dada, naomba umchukue mke wangu akae nanyi. Kile chumba cha kupanga Dodoma mjini hakimfai mja mzito aliye peke yake, na hapo Mvumi hospitali ya misheni iko karibu. Asibebe maji. Mimi nitakuja Septemba, na mtoto akizaliwa Oktoba nitakuwepo. Hiyo ni ahadi.

Siku ya harusi uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikakujibu Kiingereza kingi mpaka ukaenda zako jikoni. Sasa sikiliza. Nafuga seli za mapafu. Tunazitoa kwa panya, tunaziweka kwenye kisahani chenye maji ya chakula, nazo zinaishi nje ya mwili. Ni zile seli zinazotengeneza utelezi ndani ya mapafu, kama utelezi wa mlenda, ambao unazuia vifuko vya hewa visishikane mtu akitoa pumzi. Ukiziweka juu ya plastiki tupu, baada ya siku chache zinajitandaza kama chapati na utelezi unakwisha. Hazifi, zinakula vizuri tu, ila kazi yake zimeiacha. Kumbe mwilini seli hizi hulala juu ya utando mwembamba sana, kama sisi tulivyolala juu ya ngozi ya ng'ombe. Ukizitandikia utando ule kwenye kisahani, zinabaki nene na za mviringo, na utelezi unaendelea kutoka. Utando wenyewe hauna uhai, Dada. Unawezaje kuiambia seli iwe nini? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Na una vituko vyake: ukiwa kwenye barafu ni maji, ukipata joto unaganda, kinyume kabisa cha samli.

Niandikie upesi.

Mdogo wako,
Kefa


Mvumi, 2 Juni 1991

Mdogo wangu Kefa,

Marahaba. Mama naye anakusalimu kwa mbukwa yake, na anasema kigoda kilivunjika siku nyingi, siku hizi anakaa kwenye gunia. Uwele umekaukia kwenye kimo cha goti. Tutanunua chakula kama wenzetu. Katika siku hizi za ruksa kila kitu kimeruhusiwa na kiko dukani, sabuni za rangi zote, biskuti za nchi nisizozijua, isipokuwa mshahara wa mwalimu, huo bado haujapata ruhusa. Walimu wenzangu wanauza maandazi wakati wa mapumziko. Mimi nauza ubuyu wa sukari, na darasa la tatu nikigeukia ubao wananiita Mwalimu Ubuyu.

Anitha amefika na sanduku lake na jiko la mafuta ya taa ambalo mama amekataa lisiingie ndani. Si mvivu. Asibebe maji, umesema. Basi maji nabeba mimi, kwa hiyo agizo lako limenifika kichwani, ndoo mbili kila asubuhi. Jioni miguu inamvimba, anakaa na mama, na mama anamfundisha Kigogo kwa kumtukana polepole. Wewe anakutaja kidogo. Mimi nimeolewa na nimeachika, najua mwanamke anayemtaja mumewe kidogo hajamsahau. Anakuwekea maneno ya kukutosha.

Seli zako nimezielewa kuliko ulivyodhani, maana mlenda umenisaidia. Nilimsomea mama akauliza, "Huko wanawalisha panya, na huku panya wametumalizia ghala. Hawa na wale ni ndugu?"

Septemba uje, Kefa. Sisemi kwa utani. Ukoo wetu unajua desturi yake: mtoto akitoka, baba ndiye humtemea maji kifuani na kumwita jina lake, ndipo anakuwa mtu. Baba yetu alikufanyia wewe nikiona kwa macho yangu. Usipokuwepo, watu wa Kibakwe watauliza binti yao tumemweka hapa kama nani.

Dada yako,
Dorothea


Glasgow, 11 Agosti 1991

Dada Dorothea,

Shikamoo. Poleni kwa shamba, na asante kwa zile ndoo. Mwambie mama kigoda kipya nitamchongea mwenyewe nikija.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Septemba siji. Kazi imefunguka ghafla, na kazi ya namna hii haifunguki mara mbili kwa mtu mmoja. Nilijaribu kutandika utando mnene badala ya mwembamba. Seli zikakusanyika, zikajikunja kuwa vipira vyenye uwazi katikati, halafu zikaanza kuumwaga utelezi ndani ya ule uwazi, kana kwamba zinajenga pafu dogo. Juu ya utando mwembamba hazifanyi hivyo. Hakuna aliyezifundisha! Profesa amekuja kuangalia kwa hadubini yangu, akakaa pale mpaka chai yake ikapoa. Anataka tuandike makala kabla ya Krismasi. Seli zenyewe lazima zibadilishiwe maji kila baada ya siku moja, na sina wa kumwachia. Mwenzangu aliwahi kunishikia zikaota ukungu. Nitakuja Januari. Mtoto atakuwa ameanza kucheka, na ndipo wanapopendeza.

Utauliza yote haya yana faida gani. Msomee na Anitha, ajue mumewe hapotezi muda. Mtoto huanza kupata utelezi wa kutosha mwishoni mwa ujauzito. Akizaliwa wa miezi saba bado hana. Pumzi ya kwanza mapafu yanafunguka, akiitoa yanashikana kama mfuko wa nailoni uliolowa. Pumzi ya pili ni kazi ileile, na ya tatu hivyohivyo. Kifua kinabonyea chini ya mbavu. Kila akitoa pumzi anaguna, kwa sababu anajaribu kuzuia hewa isimwishie. Mwisho anachoka. Huku sasa wameanza kuwamiminia watoto wa namna hiyo utelezi uliotolewa kwenye mapafu ya ng'ombe, na mtoto anabadilika rangi huku unamtazama. Mimi kwa upande wangu natafuta ni nini kinachoziamuru seli ziutengeneze zenyewe. Siku moja jambo hili litafika hata Mvumi. Nimeandika ukurasa huu mzima kwa furaha, unisamehe.

Majina ni haya: wa kiume aitwe Bartolomayo, jina la marehemu baba, na wa kike aitwe Evarista, jina la mama. Kumtemea maji, mama anishikie nafasi.

Mdogo wako mwenye furaha,
Kefa


Mvumi, 1 Septemba 1991

Mdogo wangu Kefa,

Marahaba. Sisi sote tuko wazima. Mama mzima. Jua ni kali, na shule zinaendelea.

Barua yako ya Agosti imefika. Nimeisoma mwenyewe, sikumsomea mtu.

Anitha yuko kwao Kibakwe, anapumzika.

Njoo nyumbani. Usingoje Januari wala usingoje makala, tuna neno la kuzungumza nawe. Ukishuka Dodoma usije huku Mvumi peke yako. Pita kwanza kwa baba mdogo Abeli, atakusindikiza.

Dada yako,
Dorothea


Glasgow, 29 Septemba 1991

Dada Dorothea,

Nimeisoma barua yako nikaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Mko wazima, jua kali, njoo. Nije nifanye nini? Safari ya kutoka huku si ya kwenda mnadani na kurudi jioni.

Lakini nimekuelewa. Mmegombana na Anitha. Mwanamke amebakiza mwezi mmoja ajifungue, anapandishwa milima ya Kibakwe kwenye barabara ile ya mashimo, halafu naambiwa anapumzika! Mawifi hawakai jiko moja, hilo tunalijua sote, ila nilidhani wewe mwalimu ungekuwa tofauti. Na hilo "neno la kuzungumza", pamoja na baba mdogo Abeli wa kunisindikiza, ni kikao, najua. Mnataka kunikalisha katikati ya wazee nihukumiwe kwa sababu nasoma. Siji kwenye kikao. Nina seli zimetandikwa wiki hii, na kazi yangu ndiyo itakayotulisha sote.

Kuna Mtanzania mwenzangu anarudi nyumbani kwa likizo. Nimempa mfuko: soksi ndogo, kofia ya sufu na blanketi jeupe. Nilishinda dukani saa nzima nikichagua, muuzaji akanicheka. Vikifika, nenda Kibakwe ukampe Anitha kwa mkono wako mwenyewe, na hayo ndiyo yawe mapatano yenu.

Kefa


Mvumi, 10 Novemba 1991

Mdogo wangu Kefa,

Barua yako haikuwa na shikamoo, lakini nimeitikia: marahaba. Mama magoti yanamsumbua. Mvua za kwanza zimeanza na watu wako mashambani.

Mtu wako alifika Jumamosi na mfuko. Ni kijana mwenye adabu, sina neno naye. Alisimama katikati ya uwanja akasema kwa sauti, "Hongereni sana! Mtoto wa Kefa yuko wapi nimwone, nikamwambie baba yake amefanana na nani?" Mama aliinuka kwenye gunia lake akaingia ndani. Mimi nilimkaribisha mgeni chai, na alipomaliza nikamsindikiza mpaka njia panda.

Sasa nitaandika jambo ambalo kwetu haliandikwi. Mtu aliye mbali haambiwi msiba kwenye karatasi, akiwa amesimama peke yake, hana wa kumshika. Anaambiwa: sisi wazima, njoo, usije peke yako. Na mtu wa kwetu akisoma hivyo anajua. Baba alipofariki, wewe uliletewa shuleni maneno mawili tu, "Mzee anakuita," na ukashuka kwenye lori ukiwa umeshanyoa kichwa. Hukuuliza anakuitia nini. Nilikuandikia Septemba kama tulivyokuita siku ile, tena nikaongeza na Abeli wa kukusindikiza, ili usikose kuelewa. Ukanijibu habari za mawifi.

Mtoto wako alizaliwa tarehe tano Agosti, kabla ya wakati. Amekufa, Kefa.

Jinsi ilivyokuwa wewe umeshaeleza, sina la kuongeza. Kifua kilibonyea kama ulivyoandika, na aliguna kama ulivyoandika. Manesi walimpasha joto wakampa hewa ya mtungi, na daktari hakubanduka pale. Utelezi wa ng'ombe wenu hawakuwa nao. Sisi ng'ombe tunao, na mlenda tunao chungu kizima. Siku ya pili, wakati wanafunzi wanatoka shule, alichoka. Halafu siku ya kuanua tanga la moyoni mwangu, kama lilikuwepo, ukanifikia ukurasa wako wa furaha kunifundisha nilichokiona kilikuwa nini. Niliuchukia mwandiko wako. Ni mimi niliyekufundisha kuandika, na niliuchukia.

Kichanga kwetu huzikwa na wanawake, hakuna matanga wala hotuba. Tulikuwa mama, mimi na Anitha, aliyekataa kubaki kitandani. Yeye ndiye aliyemtemea maji kifuani na kumwita jina alipokuwa bado anapumua, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kufanya hivyo. Majina yako yalikuwa bado kwako.

Usinijibu kwa mfano wa seli na utando, nani kabanduliwa kwenye ngozi ya nani. Nakufahamu, umeshauandaa kichwani.

Tena Anitha ameniapisha. Kama mtoto alikuwa wa kiume au wa kike, na aliitwa nani, atakuambia yeye mwenyewe mkitazamana. Anasema mtoto haletwi kwa posta. Baba yake anataka kurudisha ng'ombe wa mahari na amemzuia. Anakungoja mpaka Krismasi, ukipita hapo hatamzuia baba yake tena.

Dada yako,
Dorothea


Glasgow, 4 Desemba 1991

Dada Dorothea,

Shikamoo. Shikamoo mama.

Niliifungua barua kwenye ngazi za maabara. Mlinzi wa mlango alinipa kiti chake. Hajui Kiswahili nami sikuweza kusema Kiingereza, tukakaa.

Kwa nini hamkuniambia? Karibu miezi minne nilikuwa baba wa mtoto aliyekwisha kuzikwa. Nilikuwa nanunua soksi! Nilichagua rangi! Mnakaa na desturi zenu za kuficha, halafu mnanihesabia kosa nisipofumbua fumbo. Ungeandika neno moja, amekufa, ningekuja hata kwa miguu.

Sasa nimelijua na imekuwa vigumu zaidi, sijui nikueleze vipi. Jaribio la mwisho la makala tumelitandika jana. Nikiondoka leo seli zote zinakufa na kazi ya mwaka mzima inakwenda nazo, na kwa kazi hii angalau ningeweza kusema kilichompata mtoto wangu hakikupita bure. Nitakuja Pasaka. Mwombe Anitha anisubiri mpaka Pasaka tu.

Na nakuomba kitu kimoja. Wewe ulikuwepo. Niandikie jina. Nikitaka kumlilia sijui nimwite nani, nabaki nimefungua mdomo.

Mdogo wako,
Kefa


Mvumi, 26 Januari 1992

Mdogo wangu Kefa,

Marahaba. Mama amepokea shikamoo yake. Magoti ni yaleyale. Safari hii mvua imekuwa ya kweli, na uwele umetupita vichwa.

Barua yako ilifika Krismasi ikikaribia. Sikutaka uje kusema haikufikishwa, kwa hiyo nilidandia lori nikaipeleka Kibakwe mwenyewe. Nilimkuta Anitha anapepeta maharage kwenye ungo. Nilimsomea yote, hata yule mlinzi na kiti chake. Nilipofika kwenye seli mlizozitandika jana yake, akaniuliza, "Akiziacha bila kuzilisha, zinakaa muda gani ndipo zife?"

Nikamwambia sijui, labda siku mbili.

"Wa kwangu naye siku mbili," akasema, na akaendelea kupepeta. Baadaye alinipikia, akanitandikia, asubuhi akanisindikiza. Hakukutukana hata mara moja. Ningefurahi kama angekutukana.

Ng'ombe wamerudi. Kaka zake waliwaswaga mpaka hapa uani, wote, na ndama aliyezaliwa huko wakamleta pia. Ni waungwana watu wale. Mama aliwapokea akiwa amesimama, na magoti yale. Walipokwisha kuwaingiza zizini wakaomba waonyeshwe kaburi. Nikawapeleka. Yule mkubwa akapiga magoti, akachota udongo wa pale akaufunga kwenye kitambaa, ili akauzike Kibakwe kwa wajomba wa mtoto. Nilitaka kumzuia, nikamwacha. Mahari ikirudi mtoto hufuata upande wa mama, hai au maiti, na wewe sheria hiyo unaijua kama mimi. Anitha mwenyewe ameondoka nyumbani. Ameanza kununua samaki Mtera na kuwauza mjini, nasikia anaweza.

Umesema ungeambiwa ungekuja hata kwa miguu. Uliambiwa Novemba. Sina zaidi juu ya hilo.

Umeniomba jina. Nilikuwepo lilipotamkwa, nilikuwa nimemshika mikononi, na hakuna siku ninayopita pale kaburini nisilitaje. Kama ungeomba kitu changu, hata hivi nilivyokasirika ningekupa. Lakini wewe si baba yake tena, na mimi si shangazi yake. Ni mtoto wa watu wa Kibakwe, na jina la mtoto wa watu sina ruhusa ya kumpelekea mgeni.

Ni mimi, ambaye bado ni dada yako,
Dorothea